Bosi Tuliyemshona Wenyewe

Mdogo wangu akipita mtaani kwetu siku hizi, watu wanaacha wanachofanya na kumwamkia. Kinyozi anamwita bosi, muuza mkaa anamwita bosi, hata mkewe, wifi yangu, akimtaja mbele ya wageni anasema "bosi bado hajarudi." Na mimi kazini namwita hivyo hivyo, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Tofauti ni kwamba mimi najua bosi huyo ametoka wapi. Mikono ya koti lake la kwanza niliipunguza mwenyewe, vidole viwili kila upande, na wakati naipunguza nilikuwa nacheka.

Mama yetu alifariki yeye akiwa na miaka sita na mimi kumi na minne, kwa hiyo nilimlea. Alikuwa mtoto wa ajabu. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Nikimtuma dukani akapewa chenji pungufu, hasemi kitu. Naenda mimi kugombana na yeye kajificha nyuma ya gauni langu. Wakati wa kula alisubiri kila mtu aoshe mikono ndipo aisogelee sahani, na ukimuuliza kama ameshiba anasema ameshiba, huku anaitazama sufuria. Nilimpenda kwa hilo, na lilikuwa likinitia hasira pia. Nilikuwa nikimwambia, "Wewe dunia itakutafuna mbichi, hata chumvi haitatia."

Nilimwingiza kiwandani akiwa na miaka kumi na tisa. Kukiita kiwanda ni kukipa heshima tu, kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha mawili, tukitengeneza viatu vyeusi vya shule. Mkata ngozi alikaa dirishani kwenye mwanga. Mimi na wanawake wengine wanne tulikuwa katikati na cherehani zetu, tukishona ngozi ya juu ya kiatu. Wanaume walivuta ile ngozi kwa koleo juu ya kalibu za mbao zenye umbo la mguu, wakapigilia soli. Mpakaji wa gundi aliwekwa mlangoni kwa sababu ya harufu, na hiyo ndiyo kazi aliyopewa mdogo wangu. Aliifanya miaka kumi na mmoja. Ncha za vidole vyake zilikuwa hazina mistari tena, na akikupa mkono inabidi uubandue. Watu wakamwita Gundi, na mwishowe hata mimi dada yake nikazoea kumwita hivyo.

Mwenye kiwanda alikufa ghafla, na mishahara yetu ya miezi saba akaenda nayo. Mjane wake alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni, mtandio puani, akasema, "Chukueni mashine, chukueni na hayo magundi yenu. Mimi sitaki kuyaona." Akaweka ufunguo juu ya meza akaondoka. Hata koti la marehemu lililokuwa linaning'inia kwenye msumari hakuligusa.

Tukabaki watu kumi na mmoja, tunatazamana. Aliyekuja na wazo ni mkata ngozi. Alikuwa na upara na mdomo, mtu wa kubishana hata na kikombe chake cha chai, na tulimwita Kamusi kwa sababu hakuna neno lililopita mbele yake bila kuelezwa. Alisema, "Bosi hakuzaliwa pamoja na binadamu. Alikuja baadaye, kama chawa."

"Na pesa je?" mmoja akamuuliza.

"Pesa zitakaa kwenye droo, na droo haitafungwa. Mwenye haja atachukua, na atasema kwa sauti kachukua ya nini. Basi. Na asiyeweza kazi kwa kuumwa, tutambeba."

Tulimcheka. Siku ya kwanza hakuna aliyethubutu kuigusa hiyo droo. Siku ya pili mimi nilisimama, nikatazama mlangoni kana kwamba naiba, nikachukua na kusema, "Ya daftari za mtoto." Hakuna aliyeinua macho kwenye kazi yake. Nilirudi kwenye cherehani na nikashona vibaya jozi nzima kwa ajili ya machozi.

Sitaki kupaka sukari. Tuligombana sana, tena kwa mambo ya kijinga: dirisha lifunguliwe au lisifunguliwe, nani kaacha masufuria ya chai bila kuosha, nani kila siku anachelewa na kila siku ana shangazi mgonjwa. Mpigilia soli mmoja alichukua akatangaza, "Ya redio." Kamusi akauliza, "Redio nayo ni haja?" Yule akajibu, "Wewe una mke wa kukusemesha. Mimi nina redio." Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na ile redio aliileta kiwandani tukaisikiliza wote. Waliotusumbua zaidi ni wale waliochukua pungufu kwa aibu, na kinara wao alikuwa Gundi. Ilibidi tumlazimishe. Miezi kumi na minne tuliishi hivyo, na droo haikuwahi kuwa tupu.

Kwenye foleni za hospitali nawasikia watu wakibishana kama iko siku binadamu ataishi bila kuhesabiana pesa na bila mmoja kumkalia mwenzake kichwani. Wengine wanasema ni ndoto. Nimeishi ndani yake, nilikuwa nakwenda kazini asubuhi bila tumbo kuniuma, na aliyeivunja si mchoyo wala mwizi. Tuliivunja sisi, kwa kunyoosha mikono kupiga kura.

Ilianza na muuza ngozi, siku tulipotaka kuchukua kwa mkopo badala ya taslimu. Alikuja na gari lake, akachungulia ndani, akauliza, "Mkubwa hapa nani?"

"Hakuna," tukamjibu.

Alidhani tunamtania. Alipoona hatutanii, akaamuru ngozi zirudishwe garini. "Mimi siwezi kukopesha watu kumi na mmoja," akasema. "Siku nikidai, nimkabe nani shati?" Mnunuzi wa viatu vya shule naye akaja na swali lile lile, akaondoka vile vile. Wiki mbili tulikaa bila ngozi, tukipanga upya vijisumari ambavyo vilikwisha kupangwa.

Kamusi ndiye aliyetoa dawa, na leo sijui nicheke au nilie. "Wanataka bosi? Tuwape bosi. Tutamtengeneza kama tunavyotengeneza kiatu. Mgeni akija tunamvalisha, akiondoka tunamvua."

Awe nani, sasa? Kamusi asingefaa, angegombana na mgeni kabla hajakaa. Yule wa redio angejisahau. Tulitaka mtu ambaye hata ukimkabidhi dunia atauliza aiweke wapi. Macho yote yakaenda mlangoni, kwenye kopo la gundi.

"Mimi?" akasema mdogo wangu. "Mimi hapana. Dada, waambie."

Nami nikasema, "Atafaa. Huyu hawezi kumwonea hata nzi." Nilikuwa nasema kweli. Nilinyoosha mkono wa kwanza.

Wiki nzima tulimfundisha, na sidhani kama tumewahi kucheka vile tena. Nilipunguza koti la marehemu likamkaa. Tukaweka meza pembeni na benchi karibu na mlango, na Kamusi akajifanya muuza ngozi, anaingia akipiga kelele. Gundi kila mara alisimama kumpisha kiti. "Kaa chini wewe," tunamwambia. "Bosi hasimami." Akawa anaomba radhi kwa kukaa. Kamusi akamfundisha maneno. "Usiseme hapana. Anayesema hapana atabishiwa. Sema, tutaliangalia hilo. Mtu atakwenda nyumbani na neno hilo, atalitafuna wiki nzima, hatapata mfupa." Na la pili: mgeni akifika, hata kama huna kazi, mwambie subiri nje kidogo. Langu mimi lilikuwa moja. Niliona anashindwa kusema yale maneno kwa sababu anamtazama mtu usoni na kumwonea huruma. Nikamwambia, "Usimtazame. Tazama karatasi."

Muuza ngozi alirudi. Gundi akamwambia asubiri nje kidogo, akamkubalia bei kwa kutazama karatasi, akatia sahihi, na karatasi ikanata kwenye kidole chake. Tulijikaza tusicheke mpaka gari lilipokata kona. Kisha alivua koti, akalirudisha kwenye msumari, akarudi mlangoni kwa kopo lake. Ngozi tulipata, na kwa bei nzuri kuliko ya marehemu.

Yaliyofuata yote yalikuwa na sababu. Mgeni mmoja alishangaa bosi kuwa na gundi kwenye kucha, kwa hiyo tukakubaliana apumzike kupaka. Mwingine alishangaa bosi akiingia hakuna anayesimama. Tukakubaliana tusimame akiwa na mgeni. Kamusi alinuna siku hiyo, akasema yeye hasimami kwa ajili ya koti, ila kila mtu aliponyoosha mkono naye alinyoosha. Baadaye tukaona kwamba mtu aliyeinamia cherehani hawezi kujua bosi anaingia na mgeni au peke yake, kwa hiyo ni salama kusimama kila akiingia. Mnunuzi wa shule aliiona droo iko wazi na noti ndani, akauliza kama hapa ni kazini au ni kwa wendawazimu. Nilikwenda mimi dukani kununua kufuli, nikachagua dogo na la bei ya chini kuliko yote, maana lilikuwa la kuonyeshea tu. Ufunguo tukautia kwenye mfuko wa koti, na koti liko kwenye msumari, kwa hiyo mwenye haja anachukua ufunguo, anafungua, anasema. Halafu ikatokea mara mbili muuza ngozi akakutana na Gundi barabarani akiwa na fulana yake yenye matundu. Ni aibu, tukasema, itatuharibia. Tukakubaliana awe anakwenda na koti nyumbani. Ufunguo ulikwenda nalo, na siku ile hakuna aliyelifikiria hilo. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Sisi tulikuwa kumi na mmoja na liliharibika mikononi mwetu, mikono yote ikiwa juu.

Nilimweleza wifi yangu kwamba mumewe anabadilika. Alikuwa anashonea kifungo kwenye lile koti. "Wifi," akaniambia, "miaka kumi na mmoja nimelala na harufu ya gundi. Watoto wangu wakiulizwa baba yenu anafanya kazi gani walikuwa wanatazama chini. Mwache na yeye aamkiwe." Mwaka wa pili alinipa koti lile nilifumue kwapani, kwa kuwa bosi alikuwa amenenepa kwa vyakula vya mchana na wauza ngozi, nami nikalifumua.

Mwaka wa tatu, macho ya Kamusi yakaanza kufunga. Alikuwa anakata kwa kupapasa chaki. Hospitalini wakamwambia ni mtoto wa jicho, wakimfanyia upasuaji ataona kama zamani. Pesa za upasuaji zilikuwepo, sote tulijua, tulikuwa tumetoa jozi mia nne mwezi ule. Kamusi alikwenda kuomba. Naliandika neno hilo kwa uchungu, kuomba, kwa sababu hapo mwanzo tulikuwa hatuna neno hilo kabisa. Alirudi na jibu lake mwenyewe mdomoni. "Ameniambia tutaliangalia hilo," akasema, akacheka peke yake.

Nikaenda mimi. Wakati huo pembe ile ya meza ilikuwa imezungushiwa mbao nyembamba na mlango. Nikabisha.

"Subiri nje kidogo."

Nilikaa kwenye benchi. Lilikuwa benchi lile lile la mazoezi, lenye mguu mmoja mfupi. Mbao zilikuwa na ufa, na kupitia ufa nilimwona mdogo wangu. Alikuwa peke yake. Alikuwa anazungusha kalamu mezani, inasimama, anaizungusha tena.

Aliponiita niliingia bila salamu. "Kamusi haoni. Jicho moja limekwisha, la pili linafuata. Hela zipo."

"Nimekusikia, dada."

"Sijaja kusikika. Fungua droo."

"Wiki ijayo kuna mzigo wa ngozi. Nikizigusa sasa, yule bwana hatanielewa. Hujui anavyoongea na mimi."

"Zamani Kamusi angechukua mwenyewe, akasema ni za macho, ikaisha."

"Zamani tulikuwa tunacheza, dada." Alikuwa anatazama karatasi. "Tutaliangalia hilo."

Niliitazama na mimi karatasi ile. Haikuwa na kitu. Nilitamani kumzaba kofi kama alipokuwa na miaka saba, na nilitamani kumfuta pua, kwa sababu mdomo wake wa chini ulikuwa unatetemeka vile vile. Watu wanadhani alikuwa mkali. Hakuwahi kuwa mkali hata siku moja. Alibaki mwoga kama nilivyomlea, ila sasa alikuwa anamwogopa muuza ngozi, na sisi tunamwogopa yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe niliipima mimi.

Kamusi alipelekwa nyumbani kupumzika Ijumaa ya wiki iliyofuata, na mpaka leo anapumzika. Mke wake anamshika mkono kwenda msalani. Nikienda kumtazama ananiuliza habari za kazini na mimi nadanganya. Lakini kinachonikosesha raha ni Jumatano, siku mbili kabla hajaondoka.

Asubuhi hiyo Kamusi alikata jozi arobaini, akasahau kugeuza kipande cha kuchorea ili apate na mguu wa kulia. Viatu themanini vya mguu wa kushoto. Sisi washonaji tulipokwenda kuchukua vipande tuliona, tukamwonyesha, naye akawa anapapasa kimoja kimoja kama anayetafuta wa kulia ndani ya rundo. Sijawahi kumwona Kamusi bila neno.

Mchana bosi alitoka kwenda kula na muuza ngozi. Niliinuka. Mkononi nilikuwa na sindano yangu nene ya kutobolea ngozi, na kila mtu mle ndani alikuwa nayo au alikuwa na koleo. Nilisema kwa sauti, kama tulivyokuwa tukisema, "Nachukua ya macho ya Kamusi." Hakuna aliyenizuia. Hakuna aliyeniunga mkono pia. Walinitazama tu nikiingia kwenye kile kijumba cha mbao, mlango wazi, nikapiga magoti mbele ya droo, nikaingiza ncha kwenye kufuli. Nilikuwa nalijua kufuli lile, nililinunua mwenyewe. Lingefunguka kwa kugeuza mkono mara moja. Tulikuwa kumi, na yeye mmoja, tena wa kuigiza, na hakuna kati yetu asiyejua kwamba ni wa kuigiza.

Nyuma yangu mtu akakohoa. "Bosi anakuja," akasema yule wa redio, kwa sauti ya chini.

Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nimeuhesabu muda ule mara nyingi kitandani, ulitosha kugeuza mkono hata mara kumi. Nikachomoa sindano, nikaitia mfukoni, nikatoka, nikasimama kando ya cherehani yangu.

Aliingia peke yake, bila mgeni, anajifuta mdomo kwa kitambaa. Tulikuwa tumesimama wote. Dirishani, Kamusi, ambaye hakuona nani ameingia, alisikia viti vikisogea, akaweka kisu chake mezani kwa kupapasa, naye akasimama.